Shomoro wa Mjini: Jinsi ya Kumtambua na Kuzifuatilia Tabia Zake

Kila ndege mdogo wa rangi ya udongo anayerukaruka barazani huitwa shomoro, au jurawa kwa watu wa pwani, na habari inaishia hapo. Lakini juu ya paa moja la bati mjini Mombasa wanaweza kutua shomoro wa aina mbili tofauti, mmoja mgeni na mwingine mwenyeji. Chini yao, kwenye nyasi, anaweza kuwa anadonoa jike la mnana ambaye si shomoro kabisa.

Mwongozo huu unamhusu zaidi yule mgeni, shomoro wa mjini, ambaye kwa jina la kisayansi ni Passer domesticus. Huhitaji kulipa kiingilio cha hifadhi yoyote ili kumwona, na ukishamjua vizuri unakuwa na kipimo cha kuwapimia wengine wote. Wanaoanza hukosea kwa kukazia macho kichwani. Mimi nakushauri uanze na mgongo na kiuno, kichwa kije baadaye.

Kwanza historia yake kwa ufupi, maana inaeleza kwa nini anapatikana hapa na si pale. Shomoro huyu alizoeana na binadamu huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, na tangu hapo hajabanduka. Mwaka 1851 alipelekwa Brooklyn, New York, na uzao wa waliopelekwa Marekani miaka hiyo umeenea karibu bara zima la Amerika ya Kaskazini. Kwetu aliletwa kutoka Bara Hindi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Unguja na Mombasa zilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya mwanzo, kisha akapanda bara taratibu kwa kufuata miji iliyo kando ya barabara na reli. Wa kwetu ni wa jamii ndogo iitwayo indicus, ambao mashavu yao ni meupe kuliko ya ndugu zao wa Ulaya. Kwa hiyo ukitafuta picha mtandaoni ukaona shavu la kijivu, jua huenda ni picha ya London au Paris.

Hatua ya kwanza: mahali na saa

Mtafute penye nafaka na makombo. Soko, mashine ya kusaga, ghala la mchele, stendi ya mabasi, kituo cha mafuta, mgahawa wenye meza za nje, kote huko ni kwake. Unguja, tembea mitaa ya Mji Mkongwe na eneo la soko la Darajani. Mombasa, anza na Mji wa Kale. Ukienda shambani mbali na nyumba ukaona kundi la ndege wa hudhurungi, usiharakishe kusema ni yeye. Anategemea makazi ya watu kiasi kwamba kijiji kikihamwa, naye hutoweka.

Saa nzuri ni tangu jua linapochomoza hadi saa tatu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni hadi magharibi. Mchana wa joto hujificha ndani ya kichaka au kivulini chini ya paa, na utasikia sauti bila kuona ndege. Simama jua likiwa nyuma yako. Hili watu hulipuuza, kisha wanalalamika kwamba ndege wote ni weusi.

Darubini inasaidia, hasa ya namba 8x32 au 8x42 (inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ni ya milimita 32 au 42), lakini si sharti. Shomoro wa mjini huja mpaka chini ya meza ya mama lishe. Simu yenye kamera ya kawaida na daftari vinatosha kuanzia.

Hatua ya pili: mgongo, kisha kiuno

Ndege ametua. Kabla ya kitu kingine tazama mgongo. Una michirizi myeusi inayoshuka kutoka mabegani, juu ya hudhurungi? Kama ipo, huyo anaweza kuwa shomoro wa mjini, awe dume au jike. Kama mgongo ni wa rangi moja isiyo na mchirizi wowote, si yeye, na huna haja ya kuendelea kumchunguza kwa jina hilo.

Sasa subiri ageuke au ainame kudonoa, uone kiuno, yaani ile sehemu iliyo juu ya mkia ambayo mabawa huifunika anapokaa. Kwa dume wa mjini kiuno ni kijivu. Kwa jike ni kijivu kilichochanganyika na udongo. Shomoro wenyeji ambao watu huwachanganya naye wana kiuno cha rangi ya kutu, tena kinachong'aa anaporuka. Alama hii moja imemaliza mabishano mengi, nami huiamini kuliko picha nzuri ya kichwa, kwa sababu kiuno hakibadiliki sana kwa umri wala msimu.

Hatua ya tatu: kichwa

Dume aliyekomaa ni rahisi. Utosi ni wa kijivu tangu mdomoni hadi kisogoni. Kuanzia nyuma ya jicho hadi shingoni kuna hudhurungi iliyoiva. Shavu ni jeupe, na kooni kuna baka jeusi linaloshuka hadi kifuani, kama ndevu zilizopakwa piko. Juu ya bawa kuna mstari mmoja mweupe ulio wazi.

Baka hilo la koo lina ujanja wake. Dume akimaliza kubadili manyoya, ncha za manyoya mapya ya kooni huwa na kingo za kijivu, hivyo weusi unafichwa na baka huonekana dogo na lenye vumbi. Hamei manyoya mengine ili awe mweusi. Zile ncha hufikichika na kulika, na weusi uliokuwa chini yake ukajitokeza. Ndiyo maana ndani ya kundi moja utaona madume wenye baka pana na wengine ambao ni kama wamechafuka tu kooni. Mdomo nao hubadilika: dume aliye katika msimu wa kuzaa ana mdomo mweusi tii, na msimu ukipita unarudia rangi ya pembe yenye manjano kidogo. Kwa hiyo rangi ya mdomo itakuambia yuko katika hali gani, lakini haitakuambia ni aina gani.

Jike ndiye anayesumbua. Hana baka, hana hudhurungi iliyoiva, utosi wake ni wa rangi ya udongo. Mtambue kwa mambo mawili: mgongo wenye michirizi, na mstari mpana wa rangi ya krimu unaoanzia juu ya jicho kwenda nyuma. Kifua ni cheupe kilichochafuka, bila mchirizi. Kinda aliyetoka kiotani hufanana na mama yake, ila pembe za mdomo wake bado ni za manjano na manyoya yamelegea. Akikaa mbele ya mkubwa hutetemesha mabawa na kupanua kinywa, na hapo huna haja ya kuuliza umri.

Hatua ya nne: wanaofanana naye

Hapa ndipo kazi ilipo, kaa nayo.

Wa kwanza ni shomoro mwenye kichwa cha kijivu. Kwa kweli ni kundi la shomoro wanaokaribiana sana, na wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kama ni aina moja au kadhaa. Magharibi mwa Kenya na Uganda kuna Passer griseus. Kusini mwa Kenya na sehemu kubwa ya Tanzania bara kuna Passer suahelicus. Mashariki na pwani ya Kenya kuna Passer gongonensis, mwenye mdomo mnene kuliko wote. Kwa mtu anayeanza tofauti hizo zinaweza kusubiri, maana wote hawa wana kichwa cha kijivu kitupu, mgongo usio na michirizi, na kiuno cha kutu. Tena dume na jike wanafanana. Hilo la mwisho ni msaada mkubwa: ukiona jozi kwenye tundu moja na huwezi kusema nani baba nani mama, hao si shomoro wa mjini.

Wa pili ni shomoro wa kutu wa Kenya, Passer rufocinctus, wa nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Huyu ndiye mtego halisi, kwa sababu dume wake naye ana utosi wa kijivu, baka jeusi na mgongo wenye michirizi. Watu wa Nairobi, Naivasha na Nakuru hukutana naye bustanini kila siku na kumwandika kama wa mjini. Tazama jicho. La kwake ni jeupe lenye krimu, linaonekana hata kwenye picha mbaya ya simu, ilhali la shomoro wa mjini ni jeusi. Kisha tazama kiuno, ambacho kwake ni cha kutu. Jike wake ana kivuli cha kijivu kooni, kitu ambacho jike wa mjini hana.

Wa tatu ni Passer eminibey, mdogo kuliko hao wote. Dume wake akiwa katika msimu wa kuzaa ni hudhurungi iliyoiva mwili mzima, hata tumboni. Ana tabia ya kupora viota vya wanana badala ya kujenga chake, kwa hiyo ukimwona anaingia na kutoka kwenye kiota kilichosukwa kwa nyasi na kuning'inia mtini, usishangae.

Kisha wako wasio shomoro. Majike wa wanana wana michirizi mgongoni, lakini wengi wao wana umanjano kifuani au kwenye kingo za mabawa, na mdomo wao ni mrefu wenye ncha kali. Kwelea, adui wa wakulima wa mpunga, mtama na ngano, ana mdomo mwekundu kwa sehemu kubwa ya mwaka na mkia mfupi. Huruka kwa makundi makubwa yanayogeuka pamoja kama moshi. Hukadiriwa kwamba kila mmoja hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na ndiyo maana kundi lake huweza kumaliza shamba. Shomoro wa mjini hana makundi ya namna hiyo. Naandika hili kwa sababu nimesikia shomoro wa ghalani akilaumiwa kwa hasara ya shambani ambayo hakuifanya.

Hatua ya tano: sikio

Sauti yake ya kila siku ni "chilip, chilip", fupi, ya kurudiwa bila mapambo. Wenye kichwa cha kijivu nao wana milio inayokaribiana na hiyo, kwa hiyo sauti ikuonyeshe tu pa kutazama, macho ndiyo yaamue. Programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell ni ya bure na inaweza kukupa pendekezo, lakini lichukulie kama neno la mpita njia mpaka uone mgongo.

Mlio mmoja hata hivyo unastahili kusubiriwa. Jioni, kabla ya giza, shomoro wa mtaa mzima hukusanyika kwenye mti au kichaka kimoja, mara nyingi mbogenvilia mnene au mti wa kivuli mbele ya jengo, na kupiga kelele zote kwa pamoja. Kelele hukatika ghafla paka au mwewe akipita, kisha huanza tena. Ukishaujua mti huo, unaweza kuwahesabu wanavyowasili wawili watatu, jambo gumu sana mchana.

Hatua ya sita: chagua tundu moja ulitazame

Kumtambua ndege ni kazi ya siku moja. Tabia zake zinahitaji ukae mahali pamoja, na njia nyepesi ni kuchagua tundu moja la kiota na kulirudia kila unapopata nafasi.

Tundu utalijua kwa uchafu wake. Chini ya ukingo wa paa, mwisho wa gata, nyuma ya herufi za bango la duka, ndani ya kichwa cha taa ya barabarani au kwenye tundu la kiyoyozi kilichong'olewa, utaona nyasi zinaning'inia, kipande cha kamba ya nailoni, unyoya wa kuku. Shomoro si msusi hodari kama mnana. Hujaza nafasi yote iliyopo kwa majani makavu, kisha huacha shimo katikati na kulitandika manyoya. Pasipo na tundu hujenga kiota cha mviringo mtini, chenye paa, kinachoonekana kama kifungu cha takataka. Mjini Mexico watafiti walikuta viota vilivyowekewa vichungi vya sigara, na vile vyenye vichungi vingi vilikuwa na vimelea wachache.

Dume ndiye mwenye tundu. Hukaa mlangoni na kulia "chilip" moja baada ya nyingine kwa muda mrefu. Jike akipita, huinua mkia, hushusha mabawa na kuyatetemesha. Wakati mwingine madume kadhaa humzingira jike mmoja chini, wote wakipiga kelele na kumzunguka, naye huwadonoa kwa hasira mpaka anaruka na kundi zima likamfuata. Watu hudhani ni vita. Ni uchumba, ingawa jike haonyeshi kufurahia.

Mayai ni meupe yenye madoa ya kijivu na kahawia. Ulaya huwa manne au matano kwa kawaida. Nchi za joto mara nyingi hupungua. Huatamiwa kwa siku 11 hadi 14, jike akifanya sehemu kubwa ya kazi na usiku wote, dume akimpokea mchana kwa vipindi. Makinda hutoka kiotani baada ya wiki mbili hivi. Muda mfupi baadaye tundu lilelile huanza kutumika tena, kwa hiyo usidhani kazi imeisha ukiona pamekuwa kimya.

Kipindi cha kulisha ndicho chenye mengi ya kuona. Mkubwa hula nafaka, mkate, wali, ugali, chochote. Kinda wa siku za mwanzo hawezi kuishi kwa hayo. Tazama mdomo wa mzazi anaporudi: utaona kiwavi wa kijani, panzi aliyekatwa miguu, au kumbikumbi mvua ikishanyesha. Wazazi wote wawili hubeba, na kila baada ya dakika chache mmoja hufika. Mtaa uliofyekwa majani yote na kumwagiwa dawa za wadudu unaweza kuwa na makombo ya kutosha na bado makinda wakafa. Uingereza, ambako walikuwa tele, wamepungua kiasi cha kuwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa kuhofiwa mwaka 2002, na upungufu wa wadudu mijini ni mojawapo ya sababu zinazotajwa.

Tabia nyingine utazipata bila kutafuta. Hatembei, huruka kwa miguu miwili pamoja. Huoga vumbi: hukwangua kishimo kwenye udongo mkavu, huingia mpaka kifua, hujitikisa, na huwafukuza wenzake kutoka kishimo chake. Hugombana na sura yake mwenyewe kwenye vioo vya pembeni vya gari, na mwenye gari hubaki anafuta kinyesi asijue kisa. Huweza kunyang'anya kiota cha matope cha mbayuwayu. Naye ana wa kumwogopa: kunguru wa Zanzibar, mgeni mwenzake kutoka Bara Hindi aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, huvizia makinda. Ukiona shomoro wote wamenyamaza na kujibana chini ya bati, tazama juu ya nguzo.

Ukimtaka karibu, na usipomtaka

Ukimtaka, weka maji safi kwenye chombo kipana chenye kina cha vidole viwili, ubadilishe kila siku, maana chombo kichafu hueneza magonjwa kati yao. Mtama au mchele mkavu kiasi kidogo ni bora kuliko chipsi zenye chumvi. Sanduku la kiota liwe na mlango wa milimita 32, litundikwe juu, kivulini, mbali na njia ya paka.

Mwenye ghala ana haki ya kutomtaka, kwa sababu ya kinyesi juu ya magunia. Dawa ya sumu si suluhisho, hasa penye chakula cha watu. Funga matundu kwa wavu wenye macho yasiyozidi milimita 19, ufagie punje zilizomwagika kila jioni, na kabla ya kufunga tundu lolote litazame kwa siku mbili tatu. Ukiona mzazi anaingia na kiwavi, subiri makinda watoke. Ukiwafungia ndani, harufu itakaa ghalani muda mrefu kuliko wangekaa wao.

Daftari

Andika tarehe, saa, mahali hasa, idadi, madume wangapi na majike wangapi, na walikuwa wakifanya nini. Kumbukumbu zenye thamani zaidi ni za miji ya bara ambako anaanza kufika, kwa hiyo piga picha ya mgongo na kiuno hata kama si nzuri. Andika pia pale ulipomtafuta na kumkosa. Kumbukumbu hizo unaweza kuzituma eBird, hifadhi ya mtandaoni ya kumbukumbu za ndege, kutoka nchi yoyote, au kwenye miradi ya ramani za ndege ya Kenya Bird Map na Tanzania Bird Atlas kwa walioko huko. Kwa wakazi wa Nairobi wanaotaka kujifunza pamoja na wazoefu, shirika la uhifadhi la Nature Kenya huwa na matembezi ya kutazama ndege Jumatano asubuhi, yakianzia makumbusho ya taifa. Ukienda, omba uonyeshwe shomoro wa kutu na wa mjini siku hiyohiyo, ulinganishe macho yao.